Tsiolkovsky, mwalimu kiziwi aliyeuliza vyombo vya nyota vitapata wapi nguvu

Kwenye filamu za vyombo vinavyoruka kutoka nyota moja hadi nyingine, kuna jambo ambalo watazamaji wachache hulijali: chombo kinajaza mafuta wapi? Rubani anabonyeza kitufe, nyota zinageuka mistari ya mwanga, na baada ya dakika mbili wako kwenye sayari nyingine. Huku kwetu mashariki ya Kongo, ambako umeme ukikatika mtaa mzima unajua grupe la nani limewaka na la nani limekosa mazuti, jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Nguvu lazima itoke mahali, na aliyeileta lazima ameibeba.

Mmoja wa watu wa kwanza kulichukua swali hilo na kulifanyia hesabu alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Urusi. Alikuwa haisikii vizuri hata sauti ya wanafunzi wake, hakuwahi kukaa katika chumba cha chuo kikuu kama mwanafunzi, na alikufa miaka 22 kabla chombo chochote hakijazunguka dunia. Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky.

Alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tisa mwaka 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan. Baba yake alikuwa afisa wa misitu, mtu wa asili ya Poland. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kama 10 alipopatwa na skarlatina, homa inayotoa vipele vyekundu na ambayo wakati ule haikuwa na dawa. Alipona, lakini masikio yalibaki karibu yamezibwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1870, mama yake akafa. Shule ikamshinda: mwalimu anasema, yeye haisikii. Akaacha masomo na kubaki nyumbani na vitabu vya baba yake, akijitengenezea vyombo vidogo vya kupimia na vya kuchezea.

Baba aliona kwamba kijana ana akili, na mwaka 1873 akamtuma Moscow. Alikuwa na miaka 16. Alikaa huko karibu miaka mitatu, si katika chuo, bali katika maktaba. Pesa kidogo alizotumiwa na familia alizimaliza kwa vitabu, zebaki na asidi za majaribio. Kwa chakula alijiwekea kopeki 90 kwa mwezi, yaani mkate mweusi na maji. Baba alipopata habari ya namna mtoto wake anavyokonda, akamrudisha nyumbani.

Mwaka 1879 alifaulu mtihani wa ualimu, na mwaka uliofuata akapelekwa Borovsk kufundisha hesabu. Huko alimuoa Varvara Sokolova, wakazaa watoto saba. Mwaka 1892 alihamishiwa Kaluga, mji ulio juu ya mto Oka, na humo ndimo alimoishi hadi kifo chake. Ili asikie watu alijitengenezea pembe kubwa za bati ambazo alizishikilia sikioni. Picha zake za uzeeni zinamuonyesha na pembe hiyo, ndefu karibu kama mkono wa mtu.

Mwanzo wake katika sayansi ulikuwa wa kuumiza moyo. Akiwa Borovsk aliandika nadharia nzima kuhusu namna gesi zinavyofanya kazi, akaituma kwa wataalamu wa Saint Petersburg. Jibu lilikuwa kwamba mambo hayo yalikwisha kuvumbuliwa miaka mingi nyuma. Mtu aliyekaa mbali na vitabu vipya alikuwa amefungua peke yake mlango ambao wengine waliuacha wazi tangu zamani. Wataalamu hawakumcheka, waliona kwamba aliyefika hapo bila mwalimu si mtu wa kawaida. Kisha mwaka 1887 nyumba yake iliungua, na sehemu ya maandiko na vyombo vyake ikapotea.

Mizigo ya kamyo

Kwa nini mwalimu wa hesabu aliyekuwa na shida za kila aina ajishughulishe na mbingu? Yeye mwenyewe alikiri kwamba hadithi za Jules Verne ndizo zilizomuanzisha. Katika hadithi ya Verne ya mwaka 1865, wasafiri wanatupwa kuelekea Mwezini kwa mzinga mkubwa uliochimbiwa ardhini. Kijana alisoma, akafurahi, halafu akachukua kalamu. Ukimtupa mtu kwa mzinga namna hiyo, mshtuko wa sekunde ya kwanza unamponda. Hadithi tamu, lakini wasafiri wake wamekufa kabla ya kutoka mdomo wa bunduki.

Hiyo ndiyo tabia yake iliyomtofautisha na waota ndoto wengine. Alipenda hadithi, na aliandika za kwake, mojawapo ikiwa juu ya safari ya Mwezini iliyochapishwa mwaka 1893. Ila kila wazo alilipitisha kwenye hesabu, hata kama lilikuwa lake mwenyewe.

Alichagua roketi kwa sababu roketi haihitaji hewa ya kujisukumia wala barabara ya kukanyaga. Inatupa gesi nyuma, yenyewe inakwenda mbele. Mwaka 1897 alipata kanuni inayounganisha vitu vitatu: mwendo wa gesi inayotoka, uzito wa roketi ikiwa imejaa, na uzito wake ikiwa tupu. Mwaka 1903 aliichapisha katika jarida moja la Saint Petersburg, pamoja na pendekezo la kuchoma hidrojeni ya majimaji kwa oksijeni ya majimaji. Mwaka ule ule mwenye jarida akafariki, jarida likafungwa, na makala ikazama bila kelele.

Maana ya kanuni hiyo mtu wa Bukavu anaweza kuielewa bila hesabu. Chukua kamyo inayokwenda Kindu katika barabara isiyo na kituo cha mazuti hata kimoja. Dereva lazima apakie mabidoni. Lakini mabidoni ni uzito, na uzito huo unakula mazuti, kwa hiyo anapakia mabidoni mengine ya kubeba yale ya kwanza. Safari ikirefuka mara mbili, mzigo wa mabidoni hauongezeki mara mbili tu, unapanda mlima.

Sasa tuweke tarakimu. Hidrojeni na oksijeni, katika injini nzuri ya leo, hutoa gesi yenye mwendo wa kilomita kama 4 na nusu kwa sekunde. Roketi inayotaka kufikia kilomita 9 kwa sekunde lazima ianze na tani zaidi ya 7 kwa kila tani moja itakayobaki mwishoni. Ikitaka kilomita 18, inaanza na tani kama 55. Ikitaka 36, karibu tani 3,000. Na hata ukifika kilomita 36 kwa sekunde, nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu iko umbali wa kilomita kama trilioni 40. Utafika baada ya miaka zaidi ya 30,000.

Kwa hiyo kanuni iliyomfungulia mtu njia ya Mwezini ndiyo iliyomfungia njia ya nyota. Mwenye kuiandika aliliona hilo mapema kuliko wote. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa wakati ule hata Mwezi ulionekana ni kichaa cha mzee. Hakunyamaza. Alianza kutafuta moto mwingine.

Chembe ya radiumu

Miaka kati ya 1903 na 1911 ilikuwa mizito kwake. Mwanawe Ignaty alikuwa amejiua mwaka 1902 akiwa mwanafunzi Moscow. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika na kuingia nyumbani mwake. Mwaka 1911 binti yake mkubwa, Lyubov, alikamatwa na polisi wa mfalme kwa kazi za mapinduzi. Katikati ya hayo aliandika sehemu ya pili ya utafiti wake, iliyotoka mwaka 1911 na 1912 katika jarida la mambo ya urukaji, na safari hii watu walisoma.

Humo kuna kurasa chache ambazo kwangu ndizo bora kuliko zote alizoandika. Ulaya ilikuwa bado inashangaa radiumu, iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Gramu moja ya madini hayo hutoa joto la kutosha kuchemsha gramu moja ya maji toka baridi ya barafu kila baada ya saa moja, na haichoki: baada ya miaka 1,600 nusu yake bado ipo. Tena inatupa nje vipande vya atomu, viini vya heliumu, vinavyokimbia kilomita karibu 15,000 kwa sekunde.

Tsiolkovsky aliweka mwendo huo katika kanuni yake. Na sisi tufanye hivyo. Kama roketi ingeweza kutupa nyuma yake vipande vya aina hiyo tu, ingefikia kilomita 30,000 kwa sekunde, yaani sehemu ya kumi ya mwendo wa mwanga, kwa mzigo ule ule wa tani 7 na kidogo kwa kila tani moja. Hesabu iliyokuwa inakupeleka juu kidogo ya dunia sasa inakufikisha nyota ya jirani kwa miaka kama 40. (Ukweli ni mgumu zaidi, kwa sababu kila atomu ya radiumu hutoa kipande kidogo tu cha uzito wake na kubaki na sehemu kubwa.) Yeye aliona kwamba kama mtu angeweza kuiharakisha radiumu iachie nguvu yake, safari ya nyota iliyo karibu ingekuwa jambo la miaka 10 hadi 40, na kwamba chembe ndogo ingetosha kuipeleka roketi ya tani moja nje kabisa ya familia ya Jua.

Neno zito hapo ni kuharakisha. Radiumu haisikii amri. Huwezi kuichochea kama jiko la makala wala kuizima. Inatoa nguvu yake kwa mwendo wake, leo kidogo na kesho kidogo, na roketi inayotaka kuruka haiwezi kungoja miaka 1,600. Katika maandiko yake ya mwaka 1926 alirudi kwenye jambo hilo akiwa amepoa: nguvu ipo, lakini inatoka polepole mno, na radiumu yenyewe ni ghali kupita kiasi. Alijikosoa bila aibu.

Hapa hadithi inapita kwetu, na wasomaji wa Likasi wameshahisi inakoelekea. Mwaka 1915 madini ya uraniumu yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga. Tangu miaka ya mwanzo ya 1920 kampuni ya Union Minière ilichimba huko kwa ajili ya radiumu iliyofichwa ndani yake, mawe yakapelekwa Olen, Ubelgiji, kusafishwa. Kwa muda mrefu soko la radiumu duniani lilitegemea mikono ya wachimbaji wa Kikongo waliobeba mawe yale bila kuambiwa yanafanya nini mwilini. Uraniumu wenyewe haukuwa na bei kubwa. Wakati mwingine ulihesabiwa kama takataka ya kazi ya radiumu.

Kisha mwisho wa mwaka 1938, miaka mitatu baada ya kifo cha Tsiolkovsky, wataalamu wa Ujerumani walipata kwamba uraniumu unaweza kupasuliwa. Kile ambacho radiumu ilikataa, uraniumu ulikubali: ukipasua atomu moja, vipande vyake vinapasua nyingine, na nguvu inatoka yote kwa pamoja. Kuharakisha kumewezekana. Sehemu kubwa ya uraniumu uliotumika katika mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka Shinkolobwe. Moto ambao mwalimu wa Kaluga aliutamani kwa ajili ya nyota ulishuka kwanza Hiroshima.

Njia nyingine alizozigusa

Hakusimama kwenye radiumu. Katika kazi ile ile ya 1911 alidhani kwamba siku moja umeme utaweza kuzipa chembe mwendo mkubwa kuliko moto wowote. Injini za namna hiyo zipo leo. Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn, kilichorushwa mwaka 2007, kilifikia mawe makubwa mawili ya mbali, Vesta na Ceres, kwa kusukumwa na umeme na gesi kidogo ya zenoni. Msukumo wake ni mdogo kama uzito wa karatasi mkononi, lakini unaendelea miezi na miaka.

Mwaka 1924 aliandika juu ya kuacha kabisa mafuta duniani: kituo kibaki ardhini, nguvu itumwe kwa chombo kama mwali wa mwanga. Ni sawa na dereva wa kamyo aliyeshusha mabidoni yote na kuvutwa kwa kamba. Hadi leo, miongoni mwa mipango yote ya kwenda kwenye nyota, huo ndio unaonipa matumaini zaidi, kwa sababu ndio pekee unaoikwepa kanuni yake.

Na kulikuwa na Jua. Dunia inapokea chini ya sehemu moja kati ya bilioni mbili za mwanga wote wa Jua. Uliobaki unapotea gizani, na hasara hiyo ilimkera kama mtu anayeona bomba la maji limepasuka barabarani. Katika hadithi yake ndefu iliyochapishwa kama kitabu Kaluga mwaka 1920, wataalamu wa mataifa mbalimbali, waliopewa majina kama Newton na Galileo, wanajenga roketi katika milima ya Himalaya na kuishi angani kwa chakula kinachoota katika bustani za vioo zinazopata mwanga wa Jua. Hadithi hiyo aliiweka mwaka 2017.

Walioandika hadithi za nyota baada yake walitafuta moto mkali zaidi. Katika Star Trek, mfululizo wa televisheni ya Marekani ulioanza mwaka 1966, chombo kinapata nguvu kwa kukutanisha mata ya kawaida na antimata, zikaangamizana na kuacha nguvu tupu. Kati ya yote yaliyobuniwa katika filamu, hilo lina msingi. Antimata ipo, chembe yake ya kwanza ilionekana mwaka 1932, Tsiolkovsky akiwa hai. Gramu moja ikikutana na gramu moja ya kitu chochote hutoa nguvu karibu mara tatu ya bomu la Hiroshima. Shida ni zile zile za Kaluga. Haichimbwi popote, lazima itengenezwe kwa nguvu nyingi kuliko itakayorudisha, na maabara zote duniani hazijatengeneza hata sehemu ya milioni ya gramu. Kuihifadhi ni kazi nyingine, kwani ikigusa ukuta wa chombo imelipuka. Lazima ielee katikati ya sumaku. Kristali ambazo filamu inasema zinatuliza moto huo ni za kubuni.

Wahandisi wa Uingereza nao, kati ya 1973 na 1978, walichora chombo kiitwacho Daedalus cha kwenda nyota ya Barnard kwa miaka kama 50, kikichoma aina za hidrojeni na heliumu kwa njia ileile inayowasha Jua. Mafuta yake: tani 50,000. Mzigo wa kisayansi: karibu tani 450. Heliumu yenyewe ingepaswa kuchotwa katika mawingu ya sayari ya Jupita. Miaka 70 baada ya makala ya 1903, na kamyo bado imejaa mabidoni.

Uzee na kifo

Mapinduzi ya 1917 yalimkuta maskini. Mwaka 1919 askari wa usalama wa serikali mpya walimkamata na kumfunga Moscow majuma kadhaa kabla ya kumuachia. Miaka miwili baadaye serikali hiyo hiyo ikampa pensheni ya maisha. Mwaka 1923 Hermann Oberth alichapisha kitabu chake cha roketi kwa Kijerumani, na Urusi ikashtuka kukumbuka kwamba mtu wao alikuwa amesema hayo miaka 20 nyuma. Ghafla mzee wa Kaluga akawa fahari ya taifa. Mwaka 1932, alipotimiza miaka 75, alivishwa nishani.

Si kila alichoandika kinafaa kusifiwa. Katika vitabu vidogo alivyochapisha kwa pesa zake alitaka watu aliowaona kuwa na kasoro wazuiliwe kuzaa, mpaka binadamu wakamilifu tu wabaki. Inashangaza kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi. Wanaomtukuza hupenda kuruka kurasa hizo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya filamu. Mtengenezaji Vasily Zhuravlev alimuomba awe mshauri wa filamu ya safari ya Mwezini, naye akachora picha nyingi kuonyesha watu wanavyoelea ndani ya chombo, milango inavyofunguliwa na mahali pa kujishikilia. Hakuiona. Alifariki Kaluga tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka 1935 kwa saratani ya tumbo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 78. Filamu ilitoka mwanzoni mwa 1936.

Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho kimekwenda mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu, kinaishi kwa joto la plutoniumu inayooza polepole, ndugu wa ile radiumu yake. Nguvu hiyo ndogo imetosha kuendesha radio na vipimo. Kukisukuma haikuweza, kwa hilo kilitegemea roketi za moto na mvuto wa sayari.

Mwaka 1959 chombo cha Kisovieti Luna 3, kilichopata umeme wake kutoka kwa Jua, kilipiga picha za kwanza za upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani. Picha hizo zilikuwa na ukungu, lakini shimo moja kubwa lenye sakafu nyeusi lilionekana vizuri. Wakaliita Tsiolkovsky.